Ushahidi wa kielektroniki unapokwama mahakamani: dalili, vyanzo na hatua za kuchukua

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, yaani kwa namna tatizo linavyofika mezani kwa wakili, mkaguzi wa ndani, ofisa rasilimali watu au mfanyabiashara anayejiandaa kwa shauri nchini Tanzania au Kenya. Katika kila dalili, chanzo kinachojirudia zaidi kimetangulia na kile cha nadra kimefuata, na ukaguzi usiohitaji kifaa chochote umewekwa kabla ya hatua nzito. Matatizo mengi yaliyoelezwa hapa hutokea katika njia ambayo taarifa ilipitia kutoka kwenye kifaa hadi kwenye jalada la mahakama, kwa hiyo anayekimbilia kununua programu kabla ya kuikagua njia hiyo hupoteza fedha na muda.

Kwa Tanzania, msingi wa kisheria ni kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, kwa namba za vifungu kama sheria ilivyopitishwa mwaka 2015. Ujumbe wa data haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini mahakama hupima kama njia ya kuutengeneza, kuuhifadhi na kuusafirisha inaaminika, kama ukamilifu wake ulilindwa, na kwa namna gani aliyeuanzisha alitambuliwa. Kenya ina vipimo vinavyofanana na hivyo katika kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi, kilichoongezwa mwaka 2014, na pamoja navyo kuna cheti cha kifungu cha 106B, kinachoeleza namna rekodi ilivyotolewa, ambacho kimewaangusha wengi.

Dalili: picha za skrini za WhatsApp zimepingwa

Hili ni pingamizi la kila siku. Mara nyingi upande wa pili haukani kwamba mazungumzo yalikuwepo; unasema tu kwamba picha hazioneshi nani aliandika, zinaanzia katikati ya mazungumzo, na yeyote mwenye simu angeweza kuzitengeneza.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni picha kuonesha jina badala ya namba. Jina "Bosi Kariakoo" liliandikwa na mwenye simu mwenyewe, na mwenye simu ndiye mdai, kwa hiyo jina hilo halithibitishi lolote. Fungua ukurasa wa taarifa za mwasiliani huyo na uhakikishe kwamba namba kamili inaonekana. Chanzo cha pili ni kuchagua ujumbe unaopendeza na kuacha uliotangulia, jambo ambalo wakili wa upande wa pili huligundua mapema, kwa sababu mteja wake naye ana mazungumzo yaleyale kwenye simu yake. Chanzo cha tatu ni simu yenyewe kutokuwepo tena: imeuzwa, imeibiwa, au imerudishwa katika hali ya kiwandani kabla ya kugawiwa mfanyakazi mwingine.

Simu ikiwa bado ipo, chukua simu ya pili urekodi video moja isiyokatwa. Anza kwa kubonyeza *#06# ili namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu wenye tarakimu 15, ionekane, kisha ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, fungua ukurasa wa mwasiliani wenye namba, halafu pitia mazungumzo polepole kuanzia mwanzo wa suala linalobishaniwa hadi mwisho wake. Baada ya hapo hamisha gumzo kama faili. WhatsApp huweka kikomo cha takriban jumbe 10,000 za karibuni pale picha na sauti zinapojumuishwa, na 40,000 zisipojumuishwa, kwa hiyo katika kundi lenye shughuli nyingi sehemu ya zamani inaweza kukosekana bila onyo lolote. Faili linalotoka ni la maandishi matupu, na mtoto wa sekondari anaweza kulibadilisha kwa dakika moja. Nguvu yake inatokana na simu iliyohifadhiwa pembeni, ambayo mtaalamu anaweza kuilinganisha nalo.

Kama ujumbe unaotoweka umewashwa kwa saa 24, siku 7 au siku 90, tambua kwamba kuuzima leo hakuokoi ujumbe uliokwisha kutumwa, kwa sababu saa ya kila ujumbe inaendelea kuhesabu. Picha na video zilizomo kwenye gumzo zimebanwa, na taarifa zao za ndani, kama vile aina ya kamera na mahali zilipopigwa, kwa kawaida zimeondolewa. Mwombe aliyepiga picha akupe faili halisi kutoka kwenye simu yake, au alitume kama hati na si kama picha.

Namba ikishathibitishwa bado litabaki swali la nani aliitumia siku hiyo. Taarifa za usajili wa laini hupatikana kwa kampuni ya simu kupitia polisi au amri ya mahakama. Kumwomba rafiki anayefanya kazi huko "achungulie kidogo" ni kuvunja sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ambazo Kenya inazo tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na kunamweka rafiki huyo katika hatari kubwa kuliko faida ya kesi.

*Simama hapa:* ikiwa ujumbe unaobeba kesi umefutwa, usirejeshe nakala rudufu, usiondoe programu ukaiweka upya, wala usisasishe simu. Iweke katika hali ya ndegeni na umpelekee mtaalamu wa uchunguzi wa kidijitali.

Dalili: heshi hazilingani

Heshi ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na maudhui ya faili. Herufi moja ikibadilika, mfuatano wote hubadilika. Pale ulioandikwa siku ya kukusanya unapotofautiana na uliokokotolewa siku ya kusikilizwa, pingamizi hujiandika lenyewe. Hata hivyo, kutolingana hakumaanishi kila mara kwamba mtu amechezea kielelezo, na haifai kukiondoa kabla ya kupitia vyanzo vifuatavyo.

Kwanza, hesabu urefu. Heshi hukokotolewa kwa njia mbalimbali: mfuatano wa herufi 32 ni wa MD5, wa 40 ni wa SHA-1, na wa 64 ni wa SHA-256. Kulinganisha MD5 ya jana na SHA-256 ya leo ni kosa linalotokea hata katika ofisi zenye vifaa vya gharama, na linatibiwa kwa kukokotoa upya kwa njia ileile iliyotumika mwanzo. Kwa kazi mpya tumia SHA-256, kwa kuwa udhaifu wa MD5 ulithibitishwa hadharani mwaka 2004 na wa SHA-1 mwaka 2017.

Pili, uliza faili lilifikaje hapa. Likipita WhatsApp kama picha, limebanwa na sasa ni faili jingine. Likifunguliwa katika Word au Excel na mtu akakubali kuhifadhi, limebadilika ingawa hakuna neno alilogusa. Kubadilisha jina la faili pekee hakubadilishi heshi, kwa hiyo anayejitetea kwamba "tulibadilisha jina tu" hajaeleza chochote.

Tatu, angalia aina ya nakala. Nakala ya diski katika mfumo wa E01, yaani faili la nakala linalotumiwa na programu za uchunguzi, ina heshi ya maudhui ya diski iliyowekwa ndani yake, na faili la E01 lenyewe lina heshi tofauti. Programu ya uchunguzi hukagua ile ya ndani. Mtu anayetumia amri ya kawaida ya kompyuta hupata ile ya nje, kisha wawili hao hubishana wakiwa wote wako sahihi.

Nne, kifaa chenyewe huenda hakitulii. Simu iliyowashwa huandika kumbukumbu zake kila dakika, kwa hiyo nakala mbili kamili za simu moja zilizochukuliwa kwa kupishana saa moja hazitalingana. Diski za SSD nazo hufuta sehemu zilizoachwa wazi zenyewe, mradi tu zina umeme. Katika hali hizo linganisha heshi za mafaili moja moja yanayohusika, na ueleze tofauti hiyo katika ripoti kabla haijaulizwa.

Sababu ya mwisho, ambayo ni ya nadra, ni diski inayokufa na kusoma vibaya. Ukisikia mlio wa kugonga, zima, na usiiwashe tena kujaribu bahati.

Kukokotoa heshi hakuhitaji programu ya kununua. Kwenye Windows, amri `certutil -hashfile mkataba.pdf SHA256` inatosha. Kwenye Linux ni `sha256sum mkataba.pdf`. Andika matokeo kwa mkono kwenye fomu ya makabidhiano siku hiyohiyo, yasainiwe na watu wawili, na usiyahifadhi ndani ya flashi ileile yenye faili, kwa sababu anayeweza kubadilisha faili hilo anaweza pia kubadilisha maandishi yaliyo jirani yake.

Dalili: saa na tarehe zinapingana

Shahidi anasema ujumbe uliingia saa tatu usiku, ripoti ya mtaalamu inasema 18:00, na kinasa cha kamera kinaonesha 21:14. Wakili wa upande wa pili hufurahia sana jedwali la namna hii, ingawa aghalabu nyakati zote tatu ni sahihi. Anza kwa kupima ukubwa wa tofauti, maana ukubwa huo wenyewe humtaja mkosaji.

Tofauti ya saa 3 kamili karibu kila mara ni ya saa za dunia, yaani UTC, dhidi ya saa za Afrika Mashariki. Programu nyingi za uchunguzi hutoa ripoti kwa UTC pasipo anayezitumia kubadilisha mipangilio. Tofauti ya saa 6 kamili inatokana na mwandishi wa maelezo aliyeandika "3:00 usiku" kwa hesabu ya Kiswahili, kisha mwingine akaisoma kwa hesabu ya kompyuta. Tofauti ya saa 12 ni kinasa kilichowekwa asubuhi badala ya jioni. Tofauti ya saa 1 ijitokezapo katika mashauri ya mpakani, chunguza kama upande mmoja ulikuwa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, ambako saa iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi, au Muscat na Dubai, ambako iko mbele. Tofauti isiyo kamili, ya dakika 14 kwa mfano, ni saa ya kifaa iliyopotea taratibu, na tarehe ya mwaka 1970 au 2000 mara nyingi hutokana na betri ndogo ya ndani iliyokwisha.

Usirekebishe saa ya kifaa hata kama inakukera. Piga picha moja inayoonesha saa ya kifaa na saa ya simu iliyounganishwa na mtandao zikiwa pamoja, andika tofauti hiyo, kisha mwache mtaalamu aihesabu katika ripoti. Katika maelezo ya mashahidi andika "saa tatu usiku (21:00)", zote mbili, kila mara.

Tarehe zina kosa lake. Gumzo lililohamishwa hufuata mpangilio wa lugha ya simu, kwa hiyo 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili kwenye simu moja na 4 Machi kwenye simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani. Tafuta katika faili hilohilo tarehe yenye namba inayozidi 12 ili ujue ipi ni siku. Kisha kuna jambo linalowashtua wengi: faili linaonesha liliundwa baada ya kubadilishwa mara ya mwisho. Kwenye Windows hiyo ni dalili ya kawaida ya kunakiliwa, kwani nakala hupewa tarehe mpya ya kuundwa na kubaki na tarehe ya zamani ya mabadiliko. Si uthibitisho wa kughushi, lakini ni uthibitisho kwamba ulichoshika ni nakala, na mahakama itataka kujua asili iko wapi.

Dalili: rekodi za CCTV hazipo, au zipo na hazifunguki

Zisipokuwepo, sababu ya kwanza ni muda. Kinasa huandika juu ya rekodi za zamani pale diski inapojaa, na duka lenye kamera nyingi na diski ndogo huenda likahifadhi siku chache tu. Barua ya kumtaka mwenye jengo ahifadhi rekodi iandikwe siku ya tukio, ikitaja kamera na saa. Kama rekodi imefutika juzi tu, zima kinasa kwa ridhaa ya mwenyewe na umwite mtaalamu, kwa kuwa kila saa ya kuendelea kurekodi inafukia mabaki.

Zisipofunguka, mara nyingi faili liko katika mfumo wa mtengenezaji, kwa mfano .dav, na linahitaji kisomeo chake. Nakili kisomeo hicho pamoja na rekodi. Ukilazimika kubadilisha liwe MP4 kwa ajili ya kuonesha, tunza la asili bila kuguswa na utoe yote mawili. Kunakili kukikatika katikati, kagua flashi: iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4.

Kurekodi skrini ya kinasa kwa simu ni tabia iliyoenea, na inaeleweka pale mlinzi anapokuwa peke yake saa nane za usiku. Hiyo ichukuliwe kama dokezo la kuombea rekodi halisi asubuhi inayofuata.

Dalili: simu iliyokamatwa imejifunga au imejifuta

Mtu aliyenyang'anywa simu anaweza kuifuta akiwa mbali kwa kutumia akaunti yake, mradi simu ina mtandao. Hali ya ndegeni huzuia hilo, lakini hakikisha Wi-Fi na Bluetooth nazo zimezimwa. Mfuko wa kuzuia mawimbi husaidia pia, ila simu iliyomo humaliza betri haraka kwa kutafuta mtandao, hivyo iunganishe na betri ya akiba humo ndani.

Simu iliyokutwa ikiwa imewashwa isizimwe ovyo. Baada ya kuzimwa, data nyingi hurudi kwenye usimbaji kamili hadi nenosiri liingizwe. Hali ni hiyohiyo kwa kompyuta yenye BitLocker, yaani usimbaji wa diski wa Windows: ikizimwa bila ufunguo wa tarakimu 48 kujulikana, huenda isifunguke tena. Usikisie nenosiri, kwani majaribio machache yanaweza kuifunga kabisa.

*Simama hapa:* kama simu si yako na mwenyewe hajaridhia kwa maandishi, usiifungue hata kama unajua nenosiri lake. Kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na sheria ya Kenya ya 2018. Wenzi wa ndoa wanaojiandaa kwa talaka huliona onyo hili kuwa la ajabu, na ndio hasa wanaolihitaji.

Dalili: barua pepe na ujumbe wa miamala vimetiliwa shaka

Barua pepe iliyochapishwa imepoteza sehemu inayothibitisha. Ihifadhi kama faili la .eml ili taarifa za kichwa, yaani rekodi ya njia iliyopitia, zibaki, na uzisome mistari ya mapokezi kuanzia chini kwenda juu, maana wa chini ndio ulio karibu na mtumaji. Usimsambazie wakili kwa kubonyeza kitufe cha kusambaza. Iambatishe kama faili.

Ujumbe mfupi wa muamala wa simu unaweza kughushiwa na namba yoyote. Ushahidi wenye uzito ni taarifa ya miamala kutoka kwa mtoa huduma, ambayo namba ya muamala, muda na kiasi vinapaswa kulingana na ujumbe uliopo kwenye simu.

Dalili: cheti au kiapo kimekataliwa

Nchini Kenya, cheti cha kifungu cha 106B(4) hutambulisha rekodi, hueleza namna ilivyotolewa na kutaja kifaa kilichotumika, na husainiwa na mtu mwenye nafasi ya dhamana juu ya kifaa hicho au shughuli husika. Mwaka 2015, katika shauri la Bunge la Kaunti ya Kisumu, Mahakama ya Rufaa ilikataa rekodi ya video iliyokosa cheti. Kinapokuwepo na bado kikakataliwa, tazama kwanza saini: wakili aliyesaini kwa niaba ya mteja hakuwahi kugusa kifaa. Kisha tazama kifaa: "kompyuta ya ofisi" haitoshi; taja muundo, namba ya utambulisho, na kifaa kila kimoja kilichohusika, pamoja na printa. Mwisho, tazama kama cheti kinaeleza faili moja ilhali flashi iliyowasilishwa ina mafaili arobaini.

Tanzania haina fomu ya namna hiyo katika kifungu cha 18, na hapo ndipo wengi hulegea. Kwa kiapo au kwa ushahidi wa mdomo, shahidi aeleze kwamba mfumo ulikuwa ukifanya kazi vizuri wakati husika, nani alitoa nakala, lini, na ilitunzwaje tangu hapo. Shahidi asiyejua kompyuta, aliyepewa karatasi asome, huanguka kwenye swali la pili la dodoso la wakili wa upande wa pili.

Kumbukumbu za seva, yaani orodha za matukio ambazo mfumo hujiandikia, zina hatari ya pekee, kwani karibu kila anayezipokea hukosa namna ya kuzisoma. Katika shauri la uchaguzi wa rais la mwaka 2022, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuta kwamba baadhi ya kumbukumbu zilizoambatishwa kwenye viapo zilikuwa za uchaguzi wa 2017 au za kughushi. Mkaguzi wa kwanza wa tarehe zilizomo awe wewe. Na ikiwa seva iko kwa upande wa pili, omba amri ya ukaguzi mapema: mwaka 2017 mahakama hiyohiyo iliamuru seva za tume ya uchaguzi zikaguliwe, na amri ilipokosa kutekelezwa ipasavyo, ilichukulia ukaidi huo dhidi ya tume.

Dalili: mnyororo wa makabidhiano una pengo

Mahakama ya Rufaa ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza mnyororo huo kuwa ni kumbukumbu za maandishi zenye kufuata wakati, na ikajumuisha vielelezo vya kielektroniki. Pengo la kawaida ni wikendi: kielelezo kilitoka kwa mkaguzi Ijumaa, kikafika kwa wakili Jumatatu, na hakuna anayesema kililala wapi. Kama kilikuwa kwenye droo ya dereva, dereva huyo aandike maelezo na awe tayari kuitwa. Usijaze fomu ya zamani kwa tarehe ya nyuma. Wino na kumbukumbu za simu za wahusika vitakuumbua, na pengo lililokuwa dogo litageuka shitaka la kughushi. Heshi iliyorekodiwa siku ya kwanza na kulingana leo husaidia kuonesha kwamba katikati hakuna kilichobadilika, ingawa haimwondolei shahidi wajibu wa kueleza.

Wakati wa kuacha kabisa na kuita wengine

Ukikuta picha za unyanyasaji wa watoto, usizinakili hata kwa nia ya kuhifadhi ushahidi, kwa sababu kunakili kwenyewe ni kosa. Funga kifaa na upige simu polisi. Mfumo wa ofisi ukiwa bado unadukuliwa, tenganisha waya wa mtandao, uache umeme, na usubiri mtaalamu wa matukio ya mtandao, kwani kumbukumbu ya muda ya kompyuta hupotea ikizimwa. Na kifaa kikiwa kimelowa maji, usikiweke kwenye mchele wala juani: kama betri yake inatoka kwa urahisi itoe, usikiwashe, kifunge, andika saa uliyokipokea, na kipelekwe maabara siku hiyohiyo.